Malenga apige au aimbe? Jibu kwa msomaji wa Bukavu

Swali limetoka kwa kijana wa Kadutu, Bukavu, ambaye hucheza Final Fantasy XIV, mchezo wa mtandaoni unaochezwa kwa makundi, usiku anaporudi kazini. Nimelifupisha, lakini maneno ni yake:

"Yaya, nimefika daraja la 68 nikiwa Bard katika akaunti ya bure. Wiki iliyopita mponyaji alinilaumu kwamba sisaidii kundi. Siku iliyofuata mwenzangu akaniambia kwamba napiga kama mtu wa daraja la 50. Nikishughulikia nyimbo, nasahau kupiga. Nikipiga, nyimbo zinazimika bila mimi kujua. Tena mtandao wa hapa unachelewa. Je, nichague moja kati ya kupiga na kusaidia, au nihamie Dancer?"

Ndugu yangu, nianze na lililo jepesi. Dancer huwezi kuhamia kwa sasa, kwa sababu kazi hiyo iliingia pamoja na toleo la nyongeza la Shadowbringers mwaka 2019, ilhali akaunti ya bure inaishia toleo la kabla yake, Stormblood, na daraja la 70. Kwa hiyo tubaki na Bard, mpiga upinde anayeimba, ambaye katika jibu hili nitamwita malenga, kwa kuwa lugha yetu ilikuwa na jina lake zamani kabla ya mchezo huu: mtu anayetunga, anayeimba, na ambaye wengine humwitikia.

Umeuliza kana kwamba kupiga na kusaidia ni kazi mbili zinazogombania mikono yako. Katika mchezo huu ni kazi moja, nayo ni kutunza saa. Karibu kila kitu alicho nacho malenga kinahesabiwa kwa vipindi vya sekunde 45 na sekunde 120, na atakayevitunza vipindi hivyo ataona mapigo yake yanapanda na msaada wake unaonekana kwa wakati uleule. Atakayeviacha, vyote viwili vinashuka pamoja. Ndiyo maana umelaumiwa mara mbili ndani ya siku mbili, na watu wawili tofauti, kwa kosa ambalo mimi nahisi ni moja.

Huenda pia umesoma maelekezo ya zamani, maana hofu ya kwamba kuimba kunakula mapigo si ya bure, ina historia. Mchezo ulipozinduliwa upya mwaka 2013, malenga aliyeimba alikuwa akimaliza nguvu zake za uchawi na kupunguziwa mapigo muda wote wa wimbo. Mwaka 2015, Heavensward ilipotoka, The Wanderer's Minuet ilimlazimisha asimame kwanza na kuandaa mishale yake kama mchawi anavyoandaa uchawi, jambo ambalo wengi tulilichukia. Mwaka 2017 Stormblood ilivunja mpango huo wote na kuleta mzunguko wa nyimbo tatu tulio nao mpaka leo. Wimbo sasa hauondoi chochote kwako. Unaubonyeza mara moja katikati ya mishale miwili, nao unajiimba wenyewe huku wewe ukiendelea kupiga na kukimbia. Maelekezo ya kabla ya 2017 bado yamejaa mtandaoni, na ukiyaona yakisema "acha kuimba ili upige", yafunge.

Nyimbo zenyewe ni Mage's Ballad ya daraja la 30, Army's Paeon ya daraja la 40 na The Wanderer's Minuet ya daraja la 52. Kila moja inadumu sekunde 45 na hairudi mpaka zitimie sekunde 120 tangu ulipoibonyeza. Kundi linapata nyongeza ndogo kwa kila wimbo: Ballad inaongeza mapigo ya wote kwa asilimia 1, Minuet inaongeza uwezekano wa pigo kali kwa asilimia 2, na Paeon inaongeza uwezekano wa pigo la moja kwa moja (direct hit) kwa asilimia 3. Tarakimu hizo ni ndogo, wala sitakudanganya kwamba katika pango la watu wanne, yaani safari ya vita ya kundi dogo, kuna atakayezihisi. Kikubwa ni kile kinachorudi kwako mwenyewe. Wakati wimbo wowote unaendelea, kila baada ya sekunde 3 mchezo unapiga kura, na mara 8 kati ya 10 unakupa zawadi inayofuata aina ya wimbo. Kwenye Minuet unapata mshale wa akiba wa Pitch Perfect. Kwenye Ballad pigo liitwalo Bloodletter linarudi haraka kwa sekunde 7.5, kwenye Paeon mkono wako unakuwa mwepesi kwa asilimia 4, hadi mara nne. Wimbo mmoja uliokamilika una kura 15, yaani zawadi 12 kwa wastani. Sasa fikiria nyimbo "zinazozimika bila mimi kujua". Dakika moja ya ukimya ni kura 20 zilizopotea, na hapo ndipo mapigo yako ya daraja la 68 yanapogeuka kuwa ya daraja la 50. Mwenzako aliona sawasawa, ila hakujua sababu.

Hesabu ya mzunguko ni hii. Nyimbo tatu za sekunde 45 zinafanya sekunde 135, lakini wimbo wa kwanza unakuwa tayari tena baada ya sekunde 120. Kuna sekunde 15 za ziada ambazo lazima zikatwe mahali fulani. Zikate kwenye Paeon, kwa kuwa ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo Minuet iache iimbe karibu muda wake wote. Basi utaanza na Minuet, utaingia Ballad inapokaribia kwisha, utamalizia na Paeon kwa sekunde 30 au zaidi kidogo, kisha utarudi Minuet mara tu inapowaka. Ukichelewa sekunde moja au mbili hakuna atakayekufa. Ninachokataza ni ukimya.

Ili usisahau, usitegemee kumbukumbu. Ingia kwenye mpangilio wa skrini, chukua kile kipimo cha nyimbo kinachoonyesha sekunde zilizobaki, kikuze, na ukiweke chini kidogo ya miguu ya mhusika wako. Wengi wanakiacha pembeni palepale mchezo ulipokiweka, kisha wanashangaa kwamba hawakioni vita vinapopamba moto. Mimi nilicheza miezi mingi hivyo, nikijiona fundi.

Pitch Perfect inahitaji neno la ziada, kwa sababu ndiyo mahali ambapo malenga wengi wanamwaga mali. Unaweza kuweka akiba hadi mishale mitatu. Nguvu ya mmoja ni 100, ya miwili 220, ya mitatu 360. Kwa hiyo kuufyatua mmoja mmoja mara tatu kunakupa 300 badala ya 360. Subiri mitatu, isipokuwa wimbo unapokaribia kwisha, kwani wimbo mpya ukianza, akiba yote inafutika. Na wewe uliyefika daraja la 68 una jambo jipya la kuzingatia: kuanzia daraja hilo, Empyreal Arrow inakupa zawadi ya wimbo bila kura yoyote, kila baada ya sekunde 15. Ukiibonyeza huku tayari una mishale mitatu ya akiba, zawadi hiyo inamwagika chini. Fyatua kwanza, kisha Empyreal Arrow.

Sasa zile sumu mbili, Stormbite na Caustic Bite, ambazo kwako zimechukua nafasi ya Windbite na Venomous Bite tangu daraja la 64. Nazo zinadumu sekunde 45, kama wimbo, na Iron Jaws inazifufua zote mbili kwa mshale mmoja. Wachezaji wengi wanazifufua zikibaki sekunde chache, na hilo ni sahihi kwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba sumu katika mchezo huu hubeba nyongeza zilizokuwepo wakati ilipowekwa, nayo huendelea kuzibeba hata nyongeza zenyewe zikishaisha. Raging Strikes inakuongezea mapigo kwa asilimia 15 kwa sekunde 20 tu. Lakini ukipiga Iron Jaws katika mshale wa mwisho kabla Raging Strikes haijazimika, sumu zote mbili zitaendelea kuuma kwa nguvu ile ya asilimia 15, pamoja na nyongeza za wenzako kama zilikuwepo, kwa sekunde 45 nyingine. Hakuna mshale mwingine wa daraja lako unaokopa nguvu kutoka wakati mmoja na kuitumia wakati mwingine namna hiyo. Kama utachukua jambo moja tu katika barua hii ndefu, nitafurahi likiwa hili.

Hapo pia ndipo kupiga na kusaidia vinapokutana. Battle Voice, ya daraja la 50, inawapa wenzako wote walio karibu asilimia 20 zaidi ya uwezekano wa pigo la moja kwa moja, kwa muda usiozidi sekunde 20, nayo inarudi baada ya sekunde 120. Kwa kuwa pigo la moja kwa moja lina uzito wa asilimia 25 zaidi ya pigo la kawaida, nyongeza hiyo ni sawa na kuwaongezea wote karibu asilimia 5, pungufu kidogo. Kazi nyingine zenye nyongeza za kundi nazo nyingi huhesabu sekunde 120, kwa hiyo vita vya watu wanane vina mshindo mwanzoni, kisha dakika ya pili, ya nne na ya sita. Minuet, Raging Strikes na Battle Voice zote ni za sekunde 120. Zianzishe pamoja mwanzo wa vita, na usizizuie kwa ajili ya "wakati mzuri zaidi", kwa sababu ukizuia moja kwa sekunde 20, utabaki nyuma ya wenzako mpaka bosi aanguke. Nimeona malenga akiitunza Battle Voice kama kuku wa sikukuu, na bosi akafa haijapigwa hata mara moja.

Tuje kwenye mtandao, maana kwa mtu aliye Bukavu, au hapa Lubumbashi nilipo mimi, hili si jambo la pembeni. Hakuna seva ya mchezo huu barani Afrika. Vituo vya karibu kwetu ni vile viwili vya Ulaya, Chaos na Light, na kama ulijiandikisha kwenye kituo cha Marekani kwa kutojua, hilo pekee linaweza kuwa nusu ya matatizo yako. Faraja ni kwamba saa zetu zinakaribiana sana na za Ulaya ya kati. Wakati wa kiangazi chao ni zilezile, kwa hiyo ukiingia jioni unawakuta watu.

Kuchelewa kunamuumiza malenga kwa njia ambayo haimuumizi sana mtu wa upanga. Mchezo una mapigo ya aina mbili. Kuna pigo kuu, linalorudi kila baada ya sekunde 2.5, na kuna mapigo ya katikati, yanayopachikwa kati ya pigo kuu moja na jingine. Nyimbo, Pitch Perfect, Bloodletter, Battle Voice na Troubadour, ile kinga ya kundi nitakayoieleza baadaye, yote ni ya katikati, na malenga anayo mengi. Kila unapobonyeza chochote, mhusika wako anafungwa kwa takriban sekunde 0.6, na hesabu hiyo haianzi sawasawa mpaka jibu la seva limekurudia. Chukua pingi, yaani muda wa amri yako kwenda kwenye seva na kurudi, ya milisekunde 300, ambayo mimi naiona mara kwa mara nikitumia mtandao wa simu. Pigo kuu moja na mapigo mawili ya katikati ni mara tatu 0.6, yaani 1.8, ongeza kuchelewa mara tatu, 0.9, jumla ni sekunde 2.7. Umevuka 2.5. Kila unapofanya hivyo mshale wako mkuu unachelewa, na kwenye vita vya dakika nane upungufu huo unakuwa mkubwa. Lakini ukipachika pigo moja tu la katikati, jumla ni 1.8, na unabaki na nafasi. Hata kwenye Paeon iliyojaa, ambapo pigo kuu linashuka hadi karibu sekunde 2.1, 1.8 bado inaingia.

Kwa hiyo maelekezo unayoyaona, yaliyoandikwa na watu wa pingi ya 30 na yanayokutaka upachike mawili mawili, si yako. Wewe pachika moja kwa kila mshale, na panga foleni. Mwanzo wa vita kwangu ni Stormbite kisha Minuet. Caustic Bite kisha Raging Strikes. Mshale, Battle Voice. Mshale, Empyreal Arrow. Mshale, Barrage, kisha Straight Shot, ambayo Barrage inaipiga mara tatu. Bloodletter inasubiri, kwa sababu inaweza kujiwekea akiba, isipokuwa wakati wa Ballad, ambapo inajaa haraka na lazima itumike bila kukawia. Unaweza pia kubonyeza pigo kuu linalofuata nusu sekunde kabla halijawa tayari. Mchezo unalikumbuka na kulitoa lenyewe. Usisubiri kuona kitufe kimewaka, kwani kwa pingi yetu ukishakiona kimewaka umeshachelewa. Kuna programu za watu wa nje zinazodai kuondoa tatizo hili. Masharti ya mchezo yanakataza programu za namna hiyo, na mimi sizitumii.

Kuchelewa kuna athari nyingine. Bosi anapotangaza shambulio la eneo, yale madoa ya rangi ya machungwa chini, seva inaamua nani amepigwa pale mstari wa maandalizi unapojaa, wala si pale mlipuko unapoonekana. Na inaamua kwa mahali inapodhani uko, ambapo ni mahali ulipokuwa muda mfupi uliopita. Toka mapema. Mishale yako yote inapigwa ukitembea. Tofauti na mchawi, huna sababu hata moja ya kumalizia kitu ukiwa umesimama ndani ya doa. Malenga aliyekufa hana wimbo, na akifufuliwa anarudi na udhaifu unaomkata asilimia 25 ya uwezo wake kwa sekunde 100, ambazo ni karibu mzunguko mzima.

Sasa mponyaji. Sikuwa nanyi, lakini lawama yake naifahamu, maana nimeisikia kwa wengine wengi, na mara nyingi haihusu nyimbo. Inahusu mahali unaposimama. Upinde unafika yalmu 25, kipimo cha umbali cha mchezo huu, na malenga mgeni anakwenda kusimama kwenye ukingo wa hizo 25, akiona ni salama. Tiba nyingi za kundi zima, hata hivyo, hutoka mwilini mwa mponyaji na kufika umbali mfupi zaidi. Mponyaji anabonyeza mara moja, watatu wanapona, wewe unabaki nusu ya uhai, naye inambidi atumie pumzi nyingine kwa ajili yako peke yako. Sogea. Simama nyuma ya bosi, hatua chache kutoka kwa wale wa upanga, na uondoke tu pale shambulio lenyewe linapokutaka uwe mbali. Hapo pia ndipo Battle Voice yako inapowafikia wote.

Sababu ya pili ya lawama ni vitufe vinavyolala. Ukiwa daraja la 68 unayo Troubadour, inayopunguza maumivu ya kundi zima kwa asilimia 10 kwa sekunde 15, na unayo Nature's Minne, inayoongeza tiba kwa asilimia 15 kwa muda uleule. Malenga wengi wanaviweka kwenye kona ya mbali ya kibodi, wakisubiri balaa. Balaa ikishafika, havina kazi. Bosi wa daraja lako akianza kuandaa shambulio linalopiga wote, utaona jina lake kwenye mstari wa maandalizi, na baada ya kulipata mara moja utalikumbuka. Bonyeza Troubadour mstari ukiwa katikati, usingoje mwisho, kwa sababu nyongeza inachukua muda kuwafikia wengine na pingi yetu inaongeza muda huo. Pigo likishatua, ndipo Nature's Minne, ili tiba ya mponyaji iwakute wote wakiwa nayo. Ukikuta katika kundi kuna Machinist, mpiga bunduki, fahamu kwamba Tactician yake na Troubadour yako hazijumlishwi. Mwachie shambulio la kwanza, wewe chukua la pili.

Viwili vingine vidogo vinamfurahisha mponyaji kuliko wimbo wowote. The Warden's Paean inaondoa maradhi kwa mwenzako. Maradhi yanayoondoleka utayatambua kwa kistari cheupe juu ya alama yake. Head Graze inamkata adui kauli pale mstari wake wa maandalizi unapometameta. Katika mapango, mlinzi wa kundi naye anaweza kufanya hivyo, lakini mlinzi ana shughuli nyingi.

Mjomba wangu alipiga mi-solo katika bendi ndogo ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Anayejua rumba anajua kwamba mi-solo ni lile gitaa la kati, lililo kati ya solo na gitaa la kusindikiza, na kwamba hakuna mtu anayekuja kwenye dansi kulitazama. Nilikuwepo usiku mmoja waya wake ulipokatika. Mpiga solo aliendelea vilevile, kwa ufundi uleule, lakini watu walianza kurudi kwenye viti vyao mmoja baada ya mwingine, na sidhani kama kuna aliyeweza kusema ni kwa nini. Nimemtaja kwa sababu ya yule mwenzako aliyepima mapigo yako. Battle Voice na nyimbo zako zinaonekana katika tarakimu za wengine, na walioutengeneza mchezo wamempunguzia malenga nguvu yake binafsi kwa sababu hiyo, na kwa sababu anapiga akikimbia. Hata ukicheza bila kosa, mtu wa upanga anayecheza bila kosa atakuzidi. Usishindane naye, jilinganishe na malenga mwenzako.

Kabla hujajilinganisha na yeyote, tazama upinde wako. Akaunti ya bure hairuhusiwi kununua sokoni, na watu wengi wa aina yako wanafika daraja la 68 na upinde wa daraja la 60, kwa kuwa hawakujua pa kuutafuta mwingine. Chukua upinde kila hadithi kuu inapokupa kuchagua zawadi. Ukifika daraja la 70, nenda Rhalgr's Reach na zile alama za poetics unazozipata kwenye mapango; zinanunua silaha na mavazi yatakayokutosha muda wote utakaokaa kwenye akaunti ya bure. Mapango ya bahati nasibu ya kila siku, ambayo ndiyo njia ya haraka ya kuzikusanya, yanafunguka upya saa 11 jioni kwa saa za Bukavu. Yanaweza kukurudisha hata Sastasha, ambako daraja linashushwa chini ya 30 na huna wimbo hata mmoja. Huko wewe ni mpiga upinde wa kawaida, piga tu.

Umeme ukikatika katikati ya pango, usiwe na haraka ya kukata tamaa. Mhusika wako anabaki ndani kwa muda, na ukiweza kurudi mapema kupitia simu au betri ya akiba, utajikuta palepale na wenzako. Wengi watakusubiri. Ukirudi, neno moja la kuomba radhi linatosha. Hakuna haja ya kuwasimulia habari za nguzo na transfoma.

Na kama baada ya haya yote bado unahisi kwamba msaada wa malenga hauonekani vya kutosha kwa moyo wako, kuna kazi mbili za mbali ambazo akaunti yako tayari inazo. Machinist inaanzia daraja la 30 kule Ishgard, nayo ni kwa mtu aliyechoka na saa za wengine. Red Mage inaanzia daraja la 50, inapatikana Ul'dah, na inapofika daraja la 64 inaweza kumfufua aliyekufa, msaada ambao hakuna mponyaji atakayeuacha bila shukrani. Mhusika mmoja anaweza kuzibeba kazi zote, kwa hiyo huachi malenga ili kujaribu nyingine. Ninachokuomba usikifanye ni kununua mchezo mzima kwa sababu ya hamu ya Dancer peke yake. Akaunti ya bure ikishageuzwa kuwa ya kulipia hairudi tena kuwa ya bure, na kuna malipo ya kila mwezi. Vilevile, ukinunua kupitia Steam, matoleo yote ya nyongeza yatakayofuata utalazimika kuyanunua hukohuko. Maliza Stormblood kwanza. Akaunti yako haina kikomo cha siku.